Nairobi Hata New York: Maili Zake na Saa Zake



Mzee akiulizwa ni umbali gani kutoka kwake hata sokoni, ni nadra kujibu kwa maili. Atasema, "Ukiondoka alfajiri utafika jua halijawa kali," au atasema, "Ni nusu ya siku kwa miguu, lakini mvua ikinyesha mto haupitiki." Jibu hilo huchekwa na vijana waliojifunza kupima dunia katika vitabu vya jiografia, walakini lina akili ndani yake. Maili humwambia mtu njia ina urefu gani. Hazimwambii atafika lini. Misafara ya zamani iliyotoka Mombasa na Bagamoyo kwenda bara ilihesabu njia kwa siku na kwa mahali penye maji, na watu wale walijua walilokuwa wakisema.

Habari ya leo ni ya miji miwili iliyo mbali sana mmoja na mwenziwe, Nairobi na New York. Wako watu wengi katika Kenya ambao hawajapata kuuona mji huo wa pili, wala pengine hawatauona. Hata hivyo jina lake limeingia nyumbani mwao, kwa sababu mtoto amekwenda huko kusoma, au binti ameolewa huko, au ndugu anafanya kazi huko na kuleta fedha za karo. Watu hao huuliza maswali ya haki. Ni mbali kiasi gani? Ndege huruka saa ngapi? Kwa nini aliyeondoka usiku amefika asubuhi ya kesho yake, na huku yasemekana alikaa hewani saa kumi na tano? Na kwa nini kurudi huwa ni kufupi kuliko kwenda, ikiwa njia ni ile ile?

Yafaa kuanza na maili, maana hizo hazibadiliki. Kutoka kiwanja cha ndege cha Nairobi hata kile cha New York kiitwacho John F. Kennedy ni maili 7,350 hivi, yaani kilomita 11,840. Hesabu kubwa namna hiyo hupita masikioni bila kuacha kitu, basi na ipimwe kwa vitu vinavyojulikana. Barabara ya Nairobi hata Mombasa ni kama kilomita 480. Mtu angeipita barabara hiyo mara ishirini na nne, na bado angekuwa na mwendo uliobaki. Au na achukuliwe mtu mwenye miguu mizuri, atembeaye kilomita 30 kila siku bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili. Kama bahari ingalikuwa nchi kavu, mtu huyo angefika New York baada ya mwaka mmoja na mwezi mmoja.

Hapo pana jambo la ajabu ambalo ramani ya ukutani hailionyeshi. Mwanafunzi akishika rula na kupiga mstari kutoka Nairobi hata New York juu ya ramani hiyo, mstari wake utapita juu ya Nigeria, kisha Mali, ukatokee baharini katika pwani ya Mauritania. Ataapa kwamba ndiyo njia fupi, maana mstari ulionyoka ndio mfupi. Lakini dunia haikutandazwa kama mkeka. Ni mviringo, na aliyeitandaza juu ya karatasi hakuwa na budi kuivuta huku na huku ili ikae. Mwanafunzi huyo na achukue ule mfano wa dunia wa mviringo uliomo shuleni, au hata chungwa, aukaze uzi baina ya mahali pawili. Ataona uzi umekwenda njia nyingine kabisa.

Uzi huo hutoka Nairobi ukapita juu ya Mlima Elgon, ukaivuka Uganda ya kaskazini, ukapita Sudan ya Kusini na Chad, ukagusa pembe ya Niger, ukakata jangwa la Sahara katika nchi ya Algeria, na ukatokea Morocco karibu na mji wa Marrakech. Kutoka hapo ni maji matupu ya Bahari ya Atlantiki. Na huko baharini uzi waendelea kupanda kaskazini hata kupita digrii 42, ambapo mji wenyewe wa New York haufiki digrii 41. Maana yake ni kwamba msafiri atokaye Nairobi, karibu na mstari wa ikweta, huenda kaskazini zaidi ya mji anaouendea, kisha huteremka kidogo kuurudia. Kwa ramani ya ukutani hilo laonekana kuwa ni kuzunguka. Kwa dunia jinsi ilivyo, hiyo ndiyo njia ya mkato.

Bila shaka rubani haufuati uzi huo kama gari moshi lifuatavyo reli. Huusogea huku na huku kwa ajili ya upepo na dhoruba, na kwa ajili ya mambo ya wanadamu pia. Vita vilipozuka Khartoum mwezi wa Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa, na ndege nyingi za abiria zilizokuwa zikipita hapo kati ya Ulaya na Afrika ya Mashariki zililazimika kuizunguka nchi hiyo. Maili za ndege zikaongezeka kwa sababu ya bunduki zilizo chini. Mto usiopitika wa yule mzee uko hata angani.

Sasa ni zamu ya saa, na hapa hadithi ni ndefu kidogo.

Mwaka 1927 Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange wa Kiambu, alikwenda Marekani kusoma katika chuo cha Hampton kilichoko Virginia. Katika miaka ile hapakuwa na njia ya kwenda huko ila meli. Kutoka Mombasa hata Ulaya kwa njia ya Mfereji wa Suez, mtu alihesabu majuma matatu au zaidi, kwa kuwa meli ilitia nanga bandari nyingi. Kisha ilimpasa kungoja meli nyingine, na kuvuka Atlantiki kulichukua karibu juma zima. Barua ilikwenda kwa mwendo huo huo. Mzazi aliyemwandikia mwanawe kumwuliza kama amepona homa, alipata jibu baada ya miezi, na pengine kijana alikwisha kupona na kuugua tena.

Mwaka ule ule wa 1927, tarehe 20 Mei, Mmarekani mmoja jina lake Charles Lindbergh aliondoka New York peke yake katika eropleni yenye injini moja, akaenda Paris bila kutua. Alikaa hewani saa 33 na nusu bila kulala, akaenda maili 3,600, na watu wengi mno walimngoja usiku kiwanjani. Ulimwengu wote ulistaajabu. Walakini safari ile haikufika hata nusu ya mwendo wa New York na Nairobi, tena ukigawanya kilomita zake kwa saa zake, utapata kilomita 173 tu kwa saa moja. Siku hizi gari la mashindano lingempita.

Baada ya vita vikuu vya pili ndege zikawa kubwa na zenye nguvu, ila hazikuweza kubeba mafuta ya safari nzima. Kiwanja kipya cha Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958, kikiwa kimejengwa pamoja na kazi ya mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Jambo hilo haliandikwi katika tikiti, lakini lafaa kukumbukwa na kila apitaye pale na sanduku lake. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja iliyokodiwa, aina ya Britannia, yenye injini nne na mapanga yanayozunguka, kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Safari hiyo ilikuwa imetengenezwa na Tom Mboya pamoja na wenzake Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, na rafiki zao wa Marekani walichanga nauli. Ndege ilitua njiani kupata mafuta, kisha ikavuka bahari na kushuka katika kiwanja kilichoitwa Idlewild, ambacho tangu mwisho wa mwaka 1963 kimeitwa Kennedy. Mwaka 1960 ziliondoka ndege nyingine, na mpaka mwaka 1963 waliokwenda kwa mpango huo walikaribia 800.

Huko nyumbani watu walifanya karamu za chai na michango, wakauza ng'ombe na mbuzi ili kijana apate nguo na fedha za mfukoni. Kisha walisimama nje ya uzio wa kiwanja na kuitazama ndege ikipotea. Mtu akiwauliza wazazi wale New York ni mbali gani, jibu lao lisingekuwa la maili wala la saa. Kwao ilikuwa ni umbali wa miaka. Nauli ya kurudi likizo haikuwepo. Kijana aliyekwenda alikwenda mpaka amalize. Wangari Maathai, aliyekuja kupewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa mmoja wa waliokwenda mwaka 1960, naye alirudi Kenya mwaka 1966. Aliiacha nchi ikiwa koloni, akaikuta ni jamhuri.

Miaka mingi ilipita baada ya hapo, na ndege za jeti zikaifupisha njia kwa saa nyingi, lakini msafiri wa New York aliendelea kupitia London, au Amsterdam, na baadaye Dubai au Doha. Ukijumlisha kuruka mara mbili na kukaa katikati juu ya kiti cha chuma, mara nyingi ilikuwa ni saa ishirini na zaidi. Ndipo tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilipoanza kurusha ndege moja kwa moja, bila kutua po pote, kutoka Nairobi hata New York. Ndege yenyewe ni aina ya Boeing 787-8, yenye nafasi za abiria 234. Marubani walikuwa wanne, wakipokezana, maana hapana mwanadamu awezaye kushika usukani usiku kucha na akili yake ikabaki timamu. Wahudumu walikuwa kumi na wawili. Mafuta ya safari moja yalikadiriwa kuwa tani 85. Ukiwapima abiria wote pamoja na masanduku yao, mafuta yangewazidi uzito zaidi ya mara tatu. Yaani ndege hiyo, inapoondoka, kwanza ni tangi la mafuta, kisha ndipo gari la watu.

Wengine huuliza kwa nini jambo hilo lilingoja hata mwaka 2018, ikiwa ndege za kuweza safari hiyo zilikuwako kabla. Jibu ni kwamba ndege haivuki kwa mafuta peke yake, huvuka kwa kibali. Mwezi wa Juni 2009 shirika moja la Marekani lilikuwa tayari kuanza safari za Nairobi, abiria wamekata tikiti, na Serikali ya Marekani ikaizuia ndege ya kwanza kwa sababu za usalama zikiwa zimebaki saa chache tu. Mwezi wa Februari 2017 ndipo idara ya Marekani inayosimamia safari za anga ilipoipa Kenya daraja ya kwanza ya usalama, na mlango ukafunguka. Hata baada ya kufunguka, uliweza kufungwa tena. Ugonjwa wa korona ulipoenea, Kenya ilisimamisha ndege za abiria wa kimataifa tangu tarehe 25 Machi 2020 mpaka tarehe 1 Agosti. Maili zilikuwa zile zile 7,350, na ndege zilikuwa zimeegeshwa zikiwa nzima. Lakini miezi ile walikuwako watu waliofiwa na mama zao huku, nao wako New York, wakayatazama mazishi katika simu ya mkononi.

Na turudi kwenye hesabu ya siku za kawaida. Ndege ya namna ile huenda kama kilomita 900 kwa saa, hewa ikiwa imetulia. Gawanya kilomita 11,840 kwa 900, utapata saa 13 na dakika chache. Basi hizo saa 15 zatoka wapi?

Sehemu yake hupotea chini. Ndege hutambaa kwenda mwisho wa njia yake, hungoja zamu, hupanda polepole kwa kuwa ni nzito, na mwishoni huzungushwa juu ya mji ikingoja nafasi. Lakini sehemu kubwa huchukuliwa na upepo. Juu sana, kwenye futi thelathini elfu na zaidi, katika nchi zilizo kaskazini ya Sahara na juu ya Atlantiki, kuna upepo uendao kama mto kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi mwendo wake huzidi kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi huko Ulaya na Marekani huwa na nguvu zaidi. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Babu zao waliyajua majahazi yaliyokuja kutoka Oman na Ghuba kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa kusi, na nahodha aliyetaka kushindana na majira hayo alionekana ni mwenye wazimu. Ndege ina nguvu kuliko jahazi, kwa hiyo haingoji majira. Hupita tu, lakini hulipa kwa saa na kwa mafuta.

Malipo yenyewe yaweza kukadiriwa. Upepo ukiipiga ndege usoni kwa kilomita 60 kwa saa njia nzima, mwendo wake juu ya nchi utakuwa 840, na safari itachukua saa 14 na zaidi kidogo. Upepo ule ule ukiisukuma mgongoni, mwendo utakuwa 960, na safari itakuwa kama saa 12 na theluthi moja. Ndiyo sababu kwenda New York huhesabiwa kama saa 15 kwa jumla, na kurudi Nairobi kwa kawaida hupungua saa nzima au zaidi. Anayerudi nyumbani husukumwa. Marubani nao hutafuta mto huo wanaporudi, na hujitahidi kuukwepa wanapokwenda, ndiyo maana njia ya Jumatatu si lazima iwe njia ya Jumanne.

Kuna na shida ya pili, nayo ni ya Nairobi yenyewe. Kiwanja chake kiko futi 5,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambapo kile cha New York kiko kando ya maji, futi chache tu juu yake. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Wakimbiaji wa Iten wanalijua hilo kwa vifua vyao wenyewe. Mabawa hupata hewa kidogo ya kuegemea, na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Jua likiwa kali hewa huzidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya saa kumi na tano hukimbia chini mwendo mrefu kabla ya kuinuka, na njia ya ndege ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi, husaidia sana. Tena wakubwa wa safari hulazimika kupima kila mzigo, na pengine kuacha baadhi yake. Abiria anayenung'unika kwamba sanduku lake la unga na majani ya chai limezidi kilo tatu, hafikiri habari za injini. Lakini injini zinamfikiri yeye.

Sasa lile swali la saa za ukutani. Katika ratiba iliyotangazwa mwaka 2018, ndege iliondoka Nairobi saa tano na dakika 25 ya usiku, ikatazamiwa kufika New York saa kumi na mbili na dakika 25 ya asubuhi. Ukihesabu kwa vidole utapata saa saba. Zile nyingine nane zimekwenda wapi? Hazikwenda po pote. Jua huichukua siku nzima kuizunguka dunia, au kusema kweli dunia huichukua siku nzima kujizungusha mbele ya jua, na Nairobi huliona jua mapema. Kukipambazuka Nairobi, New York ingali katika giza nene. Saa za Nairobi huwa mbele kwa saa nane wakati wa baridi ya Marekani, na kwa saa saba tangu Machi hata mwanzo wa Novemba, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele katika miezi hiyo. Saba za saa ya ukutani na nane za tofauti ni kumi na tano, hesabu imetimia.

Lakini kuna ajabu ya kuona kwa macho, nayo ni ule usiku wenyewe. Ndege iendayo magharibi hulikimbia jua. Mwezi wa Desemba, jua huchwa Nairobi kama saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na huko New York halichomozi mpaka baada ya saa moja ya asubuhi. Msafiri huyo hukaa gizani zaidi ya saa ishirini. Hula chakula cha usiku, hulala, huamka, hunywa maji, hulala tena, hufungua kidirisha, na bado ni usiku. Wazee wangesema amerogwa. Kurudi ni kinyume chake: jua humjia mbio, na usiku hukatika kabla hajalala vya kutosha. Ndiyo sababu mwili hukataa kutii saa ya mkononi kwa siku kadhaa baada ya kufika, na mgeni huamka saa tisa ya usiku akiona njaa ya chakula cha mchana.

Hili lina faida kwa walio nyumbani pia. Mama apigaye simu Nyeri saa mbili ya asubuhi, akiisha kunywa chai, humwamsha mwanawe New York saa sita ya usiku, au saa saba katika miezi ya joto. Mtoto mwenye adabu hatasema neno, lakini huamka na moyo ukimdunda, maana simu ya saa hiyo huwa ya habari mbaya. Wakati mwema ni jioni. Saa mbili ya usiku ya Kenya, huko ni mchana, watu wako macho.

Kwa wale wanaosafiri wenyewe, maneno machache. Hewa ya ndani ya ndege haiachwi nyembamba kama ya nje. Husukumwa ndani mpaka iwe nzito kidogo, na katika ndege hiyo ya 787 huwekwa kama hewa ya mahali palipo futi 6,000, ndiyo kusema kama Nakuru. Mtu wa Nakuru yumo kwao. Mtu wa Lamu huenda akahisi kichwa kizito. Hewa hiyo ni kavu, kwa hiyo yafaa kunywa maji mara kwa mara. Ubaya mkubwa zaidi ni kukaa. Mtu akiikunja miguu saa kumi na tano bila kusimama, huvimba, na kwa wengine damu huweza kuganda mguuni na kuleta hatari. Inampasa ainuke kila baada ya muda, atembee hata mwisho wa ndege, arudi. Asione haya kumwamsha jirani aliyelala. Jirani naye ana miguu. Wazee, wajawazito, na waliopasuliwa karibuni wamwone daktari kabla ya kukata tikiti.

Na kwa anayekwenda Embakasi kumpokea mgeni wake, asihesabu saa ya kutua kuwa ndiyo saa ya kukutana. Ndege ya watu zaidi ya mia mbili ikishuka, kuna foleni ya pasipoti, kisha kuna kungoja masanduku, kisha kuna watu wa forodha. Aongeze saa moja, au moja na nusu, na awachukulie watoto kitu cha kula.